Kuku mgeni, gole tupu: kisa cha kuhara damu nyuma ya nyumba

Jumamosi alasiri nilimleta nyumbani kuku jike wa wiki saba hivi, ndani ya boksi lenye matundu. Ijumaa iliyofuata asubuhi nilikuta damu kwenye kinyesi chake. Kisa chenyewe kimo katika siku zile za katikati, ambazo kila siku nilimtazama na kila siku nikajiambia kwamba ni ugeni tu, atazoea.

Alipofika hakuwa mgonjwa. Nalisema hili mapema kwa sababu uchambuzi wote wa mbele unalitegemea. Nilimkagua kabla ya kumchukua: macho maangavu, pua kavu, manyoya ya nyuma safi bila kinyesi kilichogandia, miguu yote miwili ina nguvu, na ukimwachia punje anaidonoa papo hapo. Alikuwa amelelewa na wenzake wa umri mmoja kwenye chumba kikavu chenye maranda, na hakuwahi kukanyaga udongo wa nje. Wakati ule nililiona hilo kuwa sifa njema. Sikufikiria kwamba kuku asiyewahi kukanyaga udongo ni kuku ambaye utumbo wake haujawahi kukutana na kilichomo udongoni.

Wenyeji walikuwa majike sita, wote wamepita mwaka, wote wanataga, wenye afya ambayo sikuwa na sababu ya kuitilia shaka. Nilifuata ushauri ambao wafugaji wengi hupeana: subiri giza liingie, mpandishe mgeni kwenye fito za kulalia katikati ya wenzake, asubuhi wataamka wamemkuta na watamchukulia kama mwenzao. Usiku ulipita kimya. Asubuhi, mlango ulipofunguliwa tu, yule jike mweusi anayetawala banda alimdonoa kichwani mara tatu mfululizo, na wengine wakajifunza kwake.

Siku nilizozihesabu kuwa za ugeni

Jumapili alikimbizwa. Jumatatu alikuwa amejifunza kutosogelea chombo cha chakula wakati wakubwa wanakula, kwa hiyo akawa anakula baada yao, yaani anaokota kilichomwagika. Chombo cha maji kilikuwa kimoja tu, na jike mweusi hupenda kusimama karibu nacho jua linapokuwa kali. Jumanne nilimwona mdogo akinywa kwenye kidimbwi kidogo kilichofanywa na maji yanayovuja kando ya chombo, penye matope yaliyochanganyika na kinyesi. Nilimfukuza pale, nikaongeza maji safi kwenye chombo, nikaenda zangu. Hakuweza kukifikia chombo nilichokijaza.

Mahali pake pa kujificha palikuwa chini ya fito za kulalia. Wakubwa hawapendi kukaa pale mchana, kwa hiyo hakusumbuliwa. Lakini fikiria ni nini kilicho chini ya fito wanakolala kuku sita kila usiku. Ndipo alipokuwa anashinda, ndipo alipokuwa anadonoa punje moja moja kutoka kwenye maranda.

Jumatano alikuwa mtulivu. Nakumbuka nilifurahi kwamba ugomvi umepungua. Ukweli ni kwamba ugomvi hupungua pia pale anayepigwa anapokosa nguvu za kuingia uwanjani, na kwa mtu anayetazama kupitia dirishani hali hizo mbili hufanana kabisa.

Ndege anayeliwa na wanyama wengine huficha udhaifu hadi pale asipoweza tena. Akiwa bado na nguvu kidogo atatembea wenzake wanapotembea, atainamisha kichwa kwenye chombo wenzake wanapoinamisha, hata kama hamezi chochote. Nilimwona "akila" Jumatano. Nilichokiona ni mdomo unaogusa chakula.

Alhamisi jioni

Hapa ndipo nilipomshika kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Alikuwa amesimama peke yake kwenye kona, shingo imezama mabegani, manyoya yamemvimba kama mpira, mabawa yamening'inia kidogo. Niliponyoosha mkono hakukimbia. Kuku wa wiki saba asiyekimbia mkono wa mtu aliyemjua kwa siku tano ana tatizo.

Nilipitisha vidole chini ya shingo, upande wake wa kulia juu ya kidari, kulipo gole, kile kifuko ambacho chakula hutulia kabla ya kushuka. Jioni, kuku aliyeshinda akila huwa na gole lililojaa, limetokeza, ukiliminya taratibu unahisi punje na unga uliolowa. La huyu lilikuwa bapa. Ngozi juu ya ngozi, kama mfuko wa nguo usio na kitu. Nilimshika jike mmojawapo wa wakubwa ili nilinganishe: lake lilijaa kiganja. Nikarudi kwa mdogo, nikashuka na vidole hadi kwenye mfupa wa kidari. Ulikuwa mkali kama mgongo wa kisu, nyama pande zote mbili imebonyea. Nyama haipotei kiasi hicho kwa siku moja ya kukosa hamu.

Nilimweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 438. Sikuwa na uzito wake wa Jumamosi wa kulinganisha nao. Hilo ni kosa la dakika moja lililonigharimu sana, kwa sababu tangu hapo kila swali la "amepungua kiasi gani, na tangu lini" lilibaki bila jibu. Upanga wake mdogo wa kichwani ulikuwa mweupe-mweupe badala ya waridi. Ngozi ya miguu imenyauka, dalili ya kukaukiwa maji.

Sikujua ni ugonjwa gani. Nilichojua ni kwamba ana baridi, ana kiu na ana njaa, na kwamba hayo matatu yanaweza kumuua usiku huohuo kabla ugonjwa wenyewe haujapata nafasi. Kwa hiyo nilianza nayo, kwa mpangilio huo. Joto kwanza: boksi kubwa ndani ya nyumba, chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo upande mmoja, upande wa pili ukiachwa bila joto ili aweze kuhama mwenyewe akizidiwa. Kuku akipata joto kupita kiasi hufungua mdomo na kuhema, mabawa akiyatenga na mwili. Akipata baridi hujikunyata. Joto la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41, na mdogo mwenye gole tupu hana kuni za kulichochea. Ukimlisha akiwa bado na baridi, chakula hukaa gole bila kushuka na huweza kuchacha humo.

Baada ya nusu saa, alipoanza kufungua macho, maji. Lita moja ya maji safi ya uvuguvugu, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Haya ni ya saa chache za mwanzo tu, si ya kunyweshwa siku nzima. Na namna ya kuyatoa ni jambo la kufa na kupona. Kwenye sakafu ya mdomo wa kuku, nyuma kidogo ya ulimi, kuna tundu la hewa lililo wazi. Ukimpanua mdomo na kummiminia, maji huingia pafuni. Nilitumia bomba la sindano lisilo na sindano, nikaweka tone moja pembeni ya mdomo, pale ngozi inapokutana na mfupa. Tone likajivuta lenyewe ndani. Akatikisa kichwa, akameza. Nikasubiri. Tone jingine. Mililita moja ilichukua dakika kadhaa, na sikuharakisha.

Chini yake nilitandika karatasi nyeupe. Ushauri huu nautoa kwa kila mfugaji anayeniuliza: mgonjwa asilale juu ya maranda usiku wa kwanza. Maranda hunywa kila kitu. Karatasi nyeupe hukuandikia taarifa.

Kilichoandikwa kwenye karatasi

Asubuhi ya Ijumaa palikuwa na vinyesi saba. Vinne vilikuwa majimaji yenye rangi ya kijani hafifu na weupe, kinyesi cha ndege asiyekula. Viwili vilikuwa na ute wa rangi ya chungwa. Na kimoja kilikuwa damu: nyekundu, mbichi, imezunguka ute wa kahawia.

Hapa ni lazima nitenganishe mambo mawili, maana nimeona wafugaji wakiogopa bure na wengine wakipuuza la kweli. Kuku mzima hutoa mara chache kwa siku kinyesi laini cha kahawia kinachonata na kunuka vibaya. Hicho hutoka kwenye vifuko viwili vya utumbo vinavyokaa karibu na mwisho wake, na si ugonjwa. Pia mara mojamoja kuku mzima huachia vipande vidogo vya waridi vya ukuta wa utumbo unaojibadilisha. Ukiviona kwa kuku mwenye gole lililojaa, anayekimbia na kugombana, usifanye chochote. Damu mbichi kwa kuku mchanga aliyejikunyata ni habari nyingine.

Niliandika kila nilichokidhania, ili hofu isinichagulie jibu. Mdondo ulinijia wa kwanza, kwa sababu ndio unaomaliza mabanda. Lakini hakuwa akikoroma wala kukohoa, shingo haikuwa imepinda, na wenyeji sita wote walikuwa wazima. Angalau kwa wakati ule. Mareksi, ugonjwa wa kupooza ambao huwapata hasa wachanga: alisimama kwa miguu yote miwili, mmoja haukunyooka mbele na mwingine nyuma. Minyoo ingeweza kueleza wembamba, si damu ya ghafla. Utitiri wekundu hunyonya damu usiku na huweza kumfanya mdogo apauke vilevile. Niliingia bandani na tochi usiku ule, nikapitisha karatasi chini ya fito na kwenye nyufa, ikatoka bila madoa. Homa ya matumbo ya kuku sikuweza kuiondoa kwa macho. Kuhara damu, ule ugonjwa unaoletwa na vimelea vya koksidia, ulikuwa juu ya orodha kwa umri wake, kwa damu, na kwa mahali alipokuwa akishinda.

Nasisitiza jambo moja kabla sijaendelea. Kama ningekuta kuku wawili watatu wamekufa ghafla, au nyuso zimevimba na kubadilika rangi, nisingewagusa wala kuwapasua. Hali hiyo ni ya kutoa taarifa kwa mamlaka ya mifugo mara moja, kwa sababu inaweza kuwa mafua makali ya ndege, na hayo humfikia hata binadamu.

Daktari wa mifugo aliniambia kwa simu nianze dawa mara moja bila kungoja majibu, na kesho yake nimletee kinyesi kibichi cha siku hiyo kwenye kichupa. Sababu yake ya kungoja siku moja ilinifundisha kitu. Katika aina ya koksidia inayoshambulia vifuko vya mwisho wa utumbo, Eimeria tenella, damu hutokea kabla mayai ya kimelea hayajaanza kutoka kwa wingi. Ukipima siku ya kwanza ya damu unaweza kuambiwa hakuna kitu, ukaacha kutibu, na kuku akafa na cheti cha afya. Jumamosi kinyesi kilichanganywa na maji yaliyokolezwa chumvi, yale mayai yakaelea juu, na chini ya hadubini yalikuwa mengi mno. Wingi ndio uliompa uhakika, pamoja na damu na umri. Mayai machache yangeweza kukutwa hata kwa kuku mzima.

Dawa, na kosa nililokaribia kulifanya

Dawa ilikuwa amproliamu, miligramu 240 kwa kila lita ya maji kwa siku tano, kisha miligramu 60 kwa lita kwa siku saba zaidi. Dawa hii huuzwa kwa nguvu tofauti, ya unga na ya maji, kwa hiyo kipimo cha kijiko cha mfugaji mmoja hakimfai mwingine. Soma kwenye pakiti ina miligramu ngapi, au mwombe daktari akupigie hesabu. Maji yenye dawa yawe ndiyo maji pekee anayoyapata, na yachanganywe upya kila siku.

Mimi nilikuwa tayari nimefungua pakiti ya vitamini za kuchanganya kwenye maji hayohayo, nikiamini namuongezea nguvu. Daktari alinizuia. Amproliamu humdanganya kimelea kwa kufanana na vitamini B1: kimelea huichukua dawa akidhani ni vitamini, na hukosa ile vitamini anayoihitaji ili azaliane. Ukimimina B1 kwenye chombo hichohicho, unampelekea kimelea chakula alichonyimwa. Vitamini nikaziweka kabatini hadi dawa ilipokwisha. Ndipo nikampa, A na K zikiwemo, moja kwa ajili ya ukuta wa utumbo unaojijenga upya na nyingine kwa ajili ya kugandisha damu, na B1 ambayo sasa yeye mwenyewe alikuwa ameipungukiwa.

Tatizo la dawa ya kwenye maji ni kwamba mgonjwa anayeihitaji zaidi ndiye anayekunywa kidogo zaidi. Kuku mzima wa umri wake angejinywea mwenyewe na kupata kipimo chake. Huyu alisimama mbele ya chombo akisinzia. Kwa hiyo bomba la sindano likaendelea, sasa likiwa na maji yenye dawa: mililita moja kila saa mchana, na usiku kila baada ya saa mbili. Nilikuwa naandika kila mililita.

Chakula nacho kilikuwa na fumbo lake. Bandani chombo kilikuwa na chakula cha kuku wanaotaga, ambacho kina madini ya chokaa mara tatu au nne zaidi ya kile cha vifaranga, kwa sababu jike anayetaga anajenga ganda. Mchanga asiyetaga hana pa kuyapeleka, na yakizidi kwa muda figo zake huumia. Siku tano hazikumdhuru kiasi cha kuonekana, ila nilikuwa nimemweka kwenye meza isiyo yake. Ndani ya boksi alipewa chakula cha vifaranga kilicholowekwa kwa maji ya uvuguvugu hadi kikawa kama uji mzito, na kiini cha yai la kuchemsha kilichopondwa, kiasi cha ncha ya kijiko. Alivikataa vyote viwili Ijumaa nzima.

Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili ulikuwa mbaya kuliko wote. Saa nane usiku nilimkuta amelala ubavu, kichwa kimelala kwenye karatasi, vinyesi viwili vya damu mbichi nyuma yake. Chupa ilikuwa imepoa. Nilimweka kifuani ndani ya fulana mpaka maji mengine yachemke, na nilihisi moyo wake ukipiga haraka sana dhidi ya mfupa wangu, kifupi kifupi, kama mtu anayegonga kwa kucha. Sikumpa maji akiwa amelala hivyo, maana asingeweza kumeza. Nilisubiri. Yapata saa tisa na nusu aliinua kichwa, nikampa tone pembeni ya mdomo, akalimeza. Asubuhi mizani ilisoma gramu 409.

Mchana wa Jumapili kinyesi hakikuwa na damu mpya. Jumatatu nilisikia mlio wa kucha kwenye karatasi, nikachungulia, nikamkuta amesimama juu ya uji wake akidonoa doa moja la kiini cha yai. Alidonoa mara sita. Nilizihesabu. Jumanne gramu 415, Jumatano 424. Ijumaa, wiki moja tangu ile damu ya kwanza, alikuwa na 452 na amejifunza kurukia ukingo wa boksi.

Katika siku zile zote nilibadilisha karatasi asubuhi na jioni, na hilo lilikuwa na kazi kuliko usafi wa macho. Yai la koksidia likitoka na kinyesi bado haliwezi kuambukiza. Huhitaji unyevu, joto na hewa kwa siku moja au mbili ili likomae. Ukiondoa kinyesi kabla ya muda huo kuisha, mgonjwa hajimezeshi upya ugonjwa wake mwenyewe. Dawa nyingi za kuua vijidudu unazomwaga sakafuni haziyavunji mayai haya. Ukavu huyaua, na maji yanayochemka. Vyombo vyake nilivimwagia maji ya moto kila jioni, nikavianika.

Nani alimwambukiza nani

Watu walionizunguka walikuwa na jibu tayari: umeleta kuku mgonjwa, shukuru hajawaua wengine. Nami niliamini hivyo kwa siku mbili. Kisha nikakaa na kalenda.

Kuanzia kuku anapomeza mayai yaliyokomaa ya Eimeria tenella hadi damu kuonekana hupita siku nne au tano hivi. Damu ilionekana Ijumaa. Ukirudi nyuma siku tano unaangukia Jumapili, ile asubuhi aliyodonolewa kichwani akakimbilia chini ya fito. Hesabu hii si ushahidi wa mahakamani. Inawezekana alikuja na vimelea wachache tayari, na msukosuko wa safari, njaa na kipigo ukawapa nafasi. Lakini ukiiweka pamoja na alikotoka, chumba kikavu, na alivyoonekana siku ile, mzigo mkubwa unaegemea upande mmoja: aliupata kwangu. Wenyeji wangu sita walikuwa wabebaji. Walikutana na vimelea wa uwanja huu kidogo kidogo tangu wakiwa wadogo, miili yao ikajifunza, na tangu hapo wanaishi navyo bila kuumwa huku wakivitawanya kwa kinyesi. Kinga hiyo ni yao. Haihami kwenda kwa mgeni kwa kulala ubavuni mwao.

Na hapa ndipo kipigo na ugonjwa vinapokuwa kisa kimoja. Ukali wa kuhara damu hutegemea sana ni mayai mangapi kuku ameyameza kwa wakati mmoja. Machache humpa kinga, mengi humpasua utumbo. Nani, kati ya kuku saba, alikuwa akinywa kwenye kidimbwi cha matope? Nani alikuwa akiokota punje kwenye maranda ya chini ya fito? Yule aliyezuiwa kwenye chombo cha maji na chombo cha chakula. Daraja lake ndani ya kundi ndilo lililompangia kipimo cha sumu. Kama vyombo vingekuwa viwili, na cha pili mbali ambako jike mweusi hawezi kuvilinda vyote, nadhani angemeza kidogo, angehara siku mbili, na mimi nisingejua kamwe kwamba kulikuwa na jambo.

Nilikuwa nikiijua karantini kama ukuta wa kuwalinda wenyeji dhidi ya mgeni: mtenge wiki mbili hadi nne, mhudumie wa mwisho baada ya wenyeji, usihamishe vyombo wala viatu. Bado ni hivyo, na laiti ningefanya. Ila kwa kuku mchanga ukuta huo una upande wa pili. Humpa siku za kutulia, kula kwa amani chakula cha umri wake, na kukutana na udongo wa nyumba mpya kwa kiasi kidogo, badala ya kutupwa ndani yake akiwa na njaa.

Bandani, na kurudi kwake

Wenyeji hawakupewa dawa. Daktari hakuona sababu, na ukiwapa unaingia kwenye suala la mayai yao kuliwa au kutoliwa, ambalo hufuata maelekezo ya dawa yenyewe. Kazi ilikuwa kwenye sakafu. Nilizoa maranda yote ya chini ya fito, nikaacha pakauke kwa jua siku mbili, nikaweka mapya. Chombo cha maji nilikiinua kwa tofali hadi usawa wa migongo yao, nikaziba kinapovuja, na chini yake nikamwaga kokoto ili pasituame tena. Kimelea huyu wa kuku hamsumbui binadamu, lakini kinyesi cha kuku kina mengine yanayosumbua, kwa hiyo glavu na sabuni hazikukosa.

Kurudi kwake kulichukua muda mrefu kuliko ugonjwa. Kuku anayekaa peke yake huzorota hata akishiba, kwa hiyo tangu siku ya tisa niliweka boksi lake mahali anapoweza kuwasikia wenzake. Siku ya 21 alikuwa na gramu 560, akahamia kwenye tundu la waya ndani ya uwanja wao. Walimwona, walimzoea, jike mweusi alidonoa waya kwa siku tatu akachoka. Siku ya 28 alikuwa na 665. Nikamchagua jike mpole kuliko wote, yule mwenye madoa ambaye huliwa chakula chake na kila mtu, nikamwingiza ndani ya tundu akae naye siku nne. Walianza kulala wamegusana. Siku ya 35, gramu 770, nikafungua tundu mchana, siyo usiku, vyombo vya chakula vikiwa viwili na vya maji viwili, na mbao mbili zimeegemezwa ukutani apate pa kuzunguka akikimbizwa bila kujikuta kwenye kona. Alidonolewa. Akazunguka nyuma ya ubao, akatokea upande wa pili, akaenda kunywa.

Sasa ana wiki 24, ana kilo moja na gramu mia nne, na hajataga. Daktari anasema wengine waliougua namna yake huchelewa. Analala mwisho wa ufito wa chini, karibu na yule mwenye madoa. Jioni, baada ya kufunga mlango, bado napitisha vidole chini ya shingo yake kabla ya kuzima tochi, na sasa nawapitishia wote saba.